Kijiji Kilichojichora Chenyewe

Orgosolo, Sardinia

Mwalimu,

Niko Sardinia, kisiwa kikubwa cha Italia kilichoko magharibi ya lile buti ulilokuwa ukituchorea ubaoni Rujewa ili tusisahau ramani ya Ulaya. Mkutano wa watafsiri ulionileta ulifanyika Cagliari, mji mkuu wa kisiwa, kusini kabisa. Ulipokwisha, wenzangu walielekea ufukweni. Mimi nikapanda basi la Nuoro, na pale Nuoro nikadandia jingine linalokwenda juu milimani. Nilikuwa nimesikia kwamba huko kuna kijiji cha wafugaji ambako mwalimu wa kuchora na wanafunzi wake walianza kupaka kuta, na kijiji hakikuacha mpaka kuta zikakaribia kwisha. Mtu aliyekaa dawati la mbele katika darasa lako akisikia habari hiyo, ufukweni ataenda kufanya nini?

Nisikufiche, kijiji chenyewe si kizuri kwa sura. Kiko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kimeegemea mlima, chini ya safu ya majabali ya chokaa inayoitwa Supramonte. Watu ni kama 4,000. Nyumba ni za mawe na matofali, nyingi hazijapigwa plasta upande wa nyuma, na juu yake nondo zimeachwa zimechomoza zikingoja ghorofa ya kijana siku atakapooa. Ukifunga macho nusu unaweza kudhani uko Makambako, isipokuwa baridi ya hapa haina ukungu. Kabla hujaona mchoro hata mmoja unaona matundu: vibao vya barabarani vimetobolewa kwa risasi, na jengo la zamani la halmashauri, lililoko kwenye mtaa mkuu, nalo lina makovu ya risasi usoni. Hakuna aliyehangaika kuyaziba.

Matundu hayo yana historia yake, na bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini watu hawa walishika brashi. Orgosolo ilijulikana Italia nzima kwa jambo moja tu, ujambazi. Kati ya mwaka 1903 na 1917 koo za hapa ziliuana kwa visasi. Baadaye ukaja wizi wa mifugo, halafu utekaji wa matajiri wanaofichwa mapangoni mpaka fidia ilipwe. Magazeti ya bara yalipotaka kuuza, yaliandika Orgosolo. Wanasheria walikuja kuchunguza, wapiga picha walikuja kupiga picha, maaskari walikuja kukamata. Mwaka 1961 mtengenezaji filamu Vittorio De Seta alikuja akatengeneza *Banditi a Orgosolo* akiwatumia wachungaji wenyewe badala ya waigizaji. Inahusu mchungaji anayeshukiwa kwa kosa ambalo si lake, anakimbilia milimani na kondoo wake, kondoo wanakufa mmoja mmoja kwa kiu na uchovu, na mwisho anakuwa kweli yule mhalifu aliyedhaniwa kuwa. Ni filamu nzuri sana, tena yenye huruma. Lakini hata huruma ile ilikuwa ya mgeni. Miaka na miaka kila mtu alikuwa na picha ya Orgosolo, isipokuwa Orgosolo.

Hilo ndilo lililonivuta, Mwalimu, kuliko wingi wa michoro. Miji inayopaka kuta siku hizi ni mingi, na mara nyingi ni halmashauri imeajiri msanii maarufu aje na kreni, achore uso mkubwa wa mtoto anayetabasamu, halafu mtaa upande bei. Hapa walianza watu waliokuwa wamechoka kuelezwa na wengine.

Sasa nikupe kisa chenyewe, maana wewe unatoka Mbarali, unakojua ugomvi wa malisho, na kitakukaa vizuri zaidi kuliko kilivyowakaa watalii niliopanda nao basi.

Kisiwa hiki kina kondoo karibu milioni 3, na watu milioni 1.6 tu. Maziwa ya kondoo hao ndiyo yanayotengeneza jibini ile ngumu iitwayo Pecorino Romano, ambayo jina lake linaisifu Roma ingawa sehemu kubwa yake hutoka huku. Zamani malisho ya milimani yalikuwa ya kijiji kizima. Mwaka 1820 mfalme aliyetawala kisiwa alitoa amri ya kuruhusu watu wazungushie uzio ardhi, na wenye uwezo wa kujenga uzio wa mawe walijenga haraka, wakafunga hadi njia za maji. Mwaka 1868 pale Nuoro umati ulivamia ofisi ya mji na kuchoma hati za mauzo ya ardhi ya pamoja. Mwanamke mmoja mjane, Paskedda Zau, anakumbukwa mpaka leo kuwa ndiye aliyeuongoza. Kwa hiyo mwaka 1969 ulipofika, watu wa huku hawakuhitaji kuelezwa maana ya mtu wa serikali kubandika karatasi ukutani.

Karatasi ilibandikwa mwishoni mwa Mei. Iliwataka wafugaji waondoe mifugo yao Pratobello, malisho ya juu ya kijiji, kwa kuwa jeshi lilihitaji eneo hilo kwa mazoezi ya kulenga shabaha majira ya kiangazi. Waliambiwa ni ya muda. Lakini Wasardinia walikuwa wameshaona ya muda yanavyogeuka kuwa ya kudumu, kwani mpaka leo zaidi ya nusu ya ardhi ya kijeshi ya Italia nzima iko kwenye kisiwa hiki kimoja. Kijiji kikafanya mikutano ya hadhara. Tarehe 19 Juni watu kama 3,000, yaani karibu kila mwenye miguu, walipanda Pratobello: wazee, wachungaji, akina mama na watoto wao. Waliosimamishwa na vizuizi vya askari barabarani walizunguka kwa njia za mbuzi. Walikwenda kukaa pale ambapo risasi zilipangwa kupita. Walidai mbolea badala ya risasi. Wanajeshi wengi waliokuwa mbele yao walikuwa vijana wa miaka 19 na 20 waliokuwa wakitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, na sijui kama kuna kazi ngumu kwa kijana wa umri huo kuliko kumwelekezea bunduki mwanamke wa umri wa mama yake anayemuuliza amekula nini. Emilio Lussu, mzee wa siasa za Sardinia aliyewahi kuwa waziri baada ya vita, alituma simu ya maandishi kuwaunga mkono na kuliita jambo lile uchokozi wa kikoloni. Baada ya siku kadhaa za kusukumana na mazungumzo na serikali, jeshi likaondoka. Hakuna aliyeuawa.

Mwaka huohuo kikundi cha maigizo kutoka Milano chenye siasa za mrengo wa kushoto, kiitwacho Dioniso, kilichora ukuta wa kwanza hapa. Upo bado, na jina la kikundi liko chini yake. Lakini ulikaa peke yake. Ungeweza kubaki kumbukumbu ya wageni waliopita, nami nisingekuwa na sababu ya kukuandikia.

Mtu aliyeubadilisha mchoro ule mmoja ukawa tabia ya kijiji ni mwalimu mwenzako, Francesco Del Casino. Alizaliwa Siena, Italia bara, akaja hapa miaka ya 1960 kufundisha uchoraji kwenye shule ya kijiji. Mwaka 1975 Italia ilikuwa inaadhimisha miaka 30 tangu ikombolewe kutoka kwa Wanazi na Wafashisti. Shule nyingine nadhani ziliimba nyimbo na kupandisha bendera. Yeye aliwatoa wanafunzi nje na rangi. Walianza na wapiganaji wa msituni waliopinga Ufashisti, halafu, kwa kuwa mtoto ukimwambia achore dhuluma hatachora ya mbali tu, wakafika Pratobello. Mwanafunzi wa miaka 13 wakati ule alikuwa na miaka 7 mwaka 1969. Hakuhitaji kitabu. Angeweza kumuuliza mama yake jikoni alisimama upande gani wa barabara.

Nilikaa muda mrefu nikilifikiria hilo. Sisi tumezoea kwamba historia ni kitu cha kusubiri: kwanza wahusika wafe, kisha tume iundwe, kisha mtaala ubadilishwe, kisha msanii aitwe. Hawa walichora wakiwa bado na hasira. Na unaiona hasira ile kwenye brashi.

Ukuta nilioupenda kuliko yote uko kwenye mtaa mkuu, Corso Repubblica, mahali barabara inapobana kiasi kwamba basi likipita unajibanza kwenye mlango wa mtu. Wanawake wamesimama bega kwa bega, mitandio myeusi kichwani. Nyuso zao zimekatwa kwa pembe, jicho moja linakutazama na jingine linatazama pembeni. Utamtambua Picasso mara moja, wewe uliyetuonyesha picha ya *Guernica* iliyokatwa kwenye gazeti, ile iliyokuwa na alama ya kikombe cha chai. Mistari ni myeusi, minene, imepigwa kwa mkono mmoja bila kusitasita. Mikono ya wanawake hao ni mikubwa kuliko vichwa vyao. Kati ya wawili wao kuna dirisha la kweli, la nyumba yenyewe, lenye pazia la nyuzi na chungu cha mrehani, na mchoraji hakulikwepa: bega la mmoja linaishia kwenye fremu, na la mwenzake linaanzia upande wa pili, kana kwamba mwenye nyumba naye akitokeza kichwa atakuwa amejiunga kwenye mstari. Chini kidogo kuna mita ya umeme, ambayo si ya LUKU, nayo imepakwa rangi ileile ya sketi, kwa hiyo anayetaka kuisoma anafungua kifuniko kwenye goti la mwanamke.

Na maandishi! Hapo ndipo michoro ya hapa inapoachana na mingi niliyoiona kwingine. Karibu kila ukuta una maneno, mengine mafupi, mengine aya nzima, kwa Kiitaliano au kwa Kisardinia, herufi kubwa nyeusi zinazofuata ukingo wa ukuta, zinapanda na ngazi, zinapinda na kona. Kisardinia ni lugha kamili, si lahaja ya Kiitaliano, ingawa dola iliitambua kisheria mwaka 1999 tu. Nilijikongoja na Kiitaliano changu cha misheni, kile nilichojifunza kwa mapadri wa Iringa, lakini Kisardinia kilinishinda, nikabaki nikisubiri apite mtu mzima nimuulize. Kila niliyemuuliza alisoma kwa sauti kwanza, ndipo akanieleza. Wengi waliendelea kusoma hata baada ya swali langu kujibiwa. Kuta hizi zinasomwa, Mwalimu. Anayezipiga picha kutoka upande wa pili wa barabara na kuondoka amechukua nusu tu.

Unajua kwamba milima hii ina utamaduni wa washairi wanaojibizana papo hapo mbele ya watu, na wa waimbaji wanne wanaosimama kwenye duara na kuimba kwa sauti za koo, cantu a tenore, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Ndiyo maana nadhani maneno hayakusumbua mtu. Mchungaji wa hapa hakuwa bubu aliyehitaji kuchorewa. Peppino Marotto, kwa mfano, alikuwa mchungaji, mtu wa chama cha wafanyakazi, mshairi na mwimbaji, na aliitungia Pratobello shairi kwa Kisardinia. Tarehe 29 Desemba 2007, akiwa na miaka 82, alipigwa risasi kijijini hapa asubuhi akienda kununua gazeti. Nimekuandikia hilo kwa sababu ukiishia kwenye rangi utadhani visasi viliisha siku brashi ziliposhikwa.

Na hapo nina lalamiko langu. Nilizunguka nikitafuta ukuta unaozungumza juu ya waliotekwa, watu waliofungwa minyororo pangoni miezi mingi huko Supramonte, baadhi yao wakiwa watoto. Sikuuona. Kuna kuta za wakulima wa Vietnam, kuna za Chile ya mwaka 1973, kuna minara ya New York ya mwaka 2001 ikiwaka moto. Kuna Antonio Gramsci, ambaye walau ni wa nyumbani, kazaliwa Ales, kusini magharibi ya hapa. Dhuluma ya dunia nzima imepata nafasi, iliyotoka kijijini imebaki ya kunong'onezana. Nilimgusia jambo hilo mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya baa na kofia yake ya kitambaa magotini. Alinitazama, akaniuliza kama kwetu tunachora na ya kwetu mabaya. Nikamwagizia kahawa.

Maana swali lake lilinirudisha Usangu, huko kwetu Mbarali, moja kwa moja. Wewe ulikuwepo mwaka 2006 wafugaji walipohamishwa kutoka ardhi oevu ya Ihefu, makundi ya ng'ombe yakiswagwa kwenda Lindi na Pwani, wengine wakifia njiani. Na wewe ni mkulima wa mpunga, unajua pia upande wa pili: mto uliokuwa unakauka, Ruaha Mkuu ukisimama kabla ya kufika bwawa la umeme la Mtera, umeme ukikatika, mashamba yakikanyagwa. Sisi wenyewe, darasa lako, tulipaka kuta za shule: ramani ya Tanzania, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, twiga, mwenge. Ule mmeng'enyo wa chakula ulikuwa mzuri, bado nakumbuka ini. Lakini hakuna aliyewaza kwamba kilichokuwa kinapita barabarani mbele ya shule nacho kingeweza kwenda ukutani, na kama tungewaza, sijui mkuu wa shule angetuacha. Na tungechora upande wa nani? Darasa lilikuwa na Wasangu, Wasukuma, Wabarabaig. Orgosolo ilikuwa na bahati ya kuwa na adui mmoja aliyevaa sare.

Siku ya pili niliingia duka la mikate. Wanauza mkate mkavu, mwembamba kama karatasi, mviringo mkubwa wa ukubwa wa ungo, ambao wachungaji walibeba malishoni kwa miezi kwa sababu hauozi. Muuzaji, mama wa makamo ya kwenda uzeeni, alipojua ninatazama michoro alitoka nje na unga mikononi akanionyesha ukuta wa ng'ambo. Ni Pratobello tena: bendera, wanaume mbele, kondoo, wanawake nyuma. Alisema alikuwa msichana mdogo, alipelekwa na bibi yake, na kwamba ukuta ule umekosea, kwani wanawake ndio waliokuwa mbele. Alisema amemwambia kila mtu. Nikamuuliza kwa nini hawaubadilishi. Akanijibu kwamba aliyeuchora ni binamu ya mumewe.

Nilifurahi kuliko kama angeniambia ukuta ule ni mzuri. Kitabu cha historia kikikosea, mama kama huyu anakufa na ukweli wake. Hapa kosa liko mbele ya duka, kila asubuhi anagombana nalo akifungua mlango, na wateja wanasikia.

Umeniomba siku zote nikisafiri nikuletee habari za vifaa, kwa hiyo hizi hapa. Hakuna ujanja mkubwa. Ni rangi za maji za ukutani, za kopo, juu ya plasta iliyolainishwa. Michoro mingi imechorwa kwanza kwa mstari mweusi na kujazwa ndani kwa rangi bapa: udongo mwekundu, kijani kibichi cha mzeituni, bluu iliyofifia, njano ya zafarani. Kuta zinazotazama kusini zimepauka sana. Zilizo kwenye uchochoro bado zina nguvu. Plasta ikivimba kwa unyevu wa kipupwe, inabanduka na uso mzima. Del Casino alirudi Siena baada ya miaka kama 20 ya kufundisha hapa, lakini amekuwa akija kukarabati kuta za zamani na kuchora mpya, na kuna wachoraji wa kijiji waliofuata nyayo, kama Pasquale Buesca na Vincenzo Floris. Baadhi ya kuta zimechorwa upya na mkono tofauti, na jicho lako lingegundua: mstari umekuwa mwangalifu, umeanza kuogopa kukosea. Michoro mingine ya karibuni, nitasema kweli, ni mibaya. Ni picha za magazeti zilizokuzwa, na mtoto analia ili mtalii aguswe.

Ile njano ya zafarani ina asili yake pia. Wanawake wa Orgosolo walikuwa wakifuga nondo wa hariri majumbani, wanasokota nyuzi, wanazitia zafarani, wanafuma kilemba cha sherehe kinachoitwa lionzu. Kuna familia inayoendelea na kazi hiyo mpaka leo. Nilikiona kimoja kwa karibu. Sijawahi kuona njano ya namna ile dukani, na rangi ya kopo ukutani haiifikii hata ikijitahidi.

Watalii ni wengi. Mabasi yao yanasimama juu ya kijiji, wanashuka na vifaa vya kusikiliza masikioni, wanaelezwa kila ukuta kwa lugha yao, wananunua sumaku za jokofu zenye nyuso za wale wanawake wa Pratobello, kisha wanapelekwa porini kula nyama ya kuchoma iliyoandaliwa na wachungaji, pamoja na jibini na divai nyekundu nzito. Nilipanga kukasirika na nikashindwa. Mchungaji aliyetukatia nyama alisema mwaka 2019 yeye na wenzake walimwaga maziwa barabarani kisiwa kizima kwa sababu viwanda vilikuwa vinawapa senti 60 hivi za yuro kwa lita, chini ya gharama ya kumlisha kondoo. Meza ya watalii inamlipa vizuri kuliko kiwanda. Mtu huyo sitamwambia kwamba sumaku za jokofu zinashusha hadhi ya mapambano ya baba yake.

Na mapambano yenyewe hayajawekwa kwenye jokofu. Siku hizi kinachogombewa ni upepo. Makampuni yanataka kusimika mitambo mikubwa ya umeme wa upepo kwenye vilima na baharini, na Wasardinia wengi wanasema wamezungushiwa uzio tena, safari hii kwa jina la mazingira. Mwaka 2024 walikusanya saini zaidi ya 210,000 kudai sheria ya kuwapa wao wenyewe mamlaka juu ya jambo hilo, na pendekezo hilo waliliita Pratobello 24. Kwa kisiwa cha watu milioni 1.6 saini hizo si mchezo. Mimi binafsi sina hakika wana haki kwa kila hoja, maana umeme lazima utoke mahali, na wewe uliyesoma kwa kibatari kutokana na mgao wa Mtera unalijua hilo. Lakini nilielewa kwa nini hawakuhitaji kutunga jina jipya. Kijana wa miaka 20 aliyeweka saini amekua akipita mbele ya lile neno kila siku akienda shule, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko yeye.

Kesho nashuka kwenda San Sperate, kijiji kingine karibu na Cagliari ambako mchongaji Pinuccio Sciola aliwahimiza wenzake wazipake kuta chokaa nyeupe mwaka 1968 ili ziwe tayari kwa michoro. Alikuwa na shabaha tofauti, sanaa itoke kwenye majumba ya maonyesho ikae barabarani, na wanasema huko kuna uzuri zaidi na ugomvi mdogo. Nitaona. Nina wasiwasi nitakumbuka ugomvi.

Picha nitamtumia mjukuu wako mkubwa kwa WhatsApp nikipata mtandao wa maana. Mwambie aikuze ile ya wanawake na dirisha, pembeni kulia, chini ya mita ya umeme, uone mahali brashi ilipoishiwa rangi katikati ya mstari na mchoraji akaendelea hivyohivyo bila kuichovya. Wewe ungetugonga rula. Mimi nimeipenda, na nataka unieleze kama alikuwa na haraka au alifanya makusudi.

Mwanafunzi wako wa dawati la mbele.